Kutoka Jinja hadi Mbale na Mtoto Mdogo

Mtoto wetu wa miaka miwili alikuwa amepangiwa kulazwa Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, ambayo tangu mwaka 2001 hutibu watoto wenye maji kichwani. Tukaona siku mbili za kabla ya hapo ziwe zake.

Jinja tulipanda mashua kwenda chanzo cha Nile, alipofika Speke mwaka 1862. Maporomoko ya Ripon aliyoyaona hayapo tena. Yalimezwa na maji baada ya kujengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mtoto hakuwa na habari na Speke. Alitaka kutia miguu ziwani. Tulimkatalia kwa kuogopa kichocho, akalia mpaka mwenye mashua akamvika kofia yake. Na ndugu wazazi, mwepusheni mgonjwa wenu na wenye mafua: homa au kikohozi huweza kuahirisha upasuaji.

Kesho yake tulipita Iganga na Tirinyi, penye mafunjo na mpunga, tukaingia Mbale jioni. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji yakiteremka katika magenge ya Wanale mithili ya nyuzi nyeupe. Mtoto akanyoosha kidole: "Maji!" Mama yake akageuza uso.

Usiku alikula matoke akashiba. Asubuhi tulimbeba hadi langoni, naye angali na kofia kichwani.