Kutyuni Gari Huanzia Chini ya Gari, Si Kwa Laptopu

Kila wiki inboksi yangu inaingia swali moja: "Bro, nataka kutyuni magari, nianzie wapi?" Wengi wanaouliza wamemaliza KCSE juzi tu. Wanapenda Subaru, wanapenda ule mlio, na wameona video za watu wameshika laptopu gari ikiunguruma. Mimi swali hili silichukulii kama mchezo, kwa sababu mdogo wangu ni mmoja wao. Alipomwambia mama, mama alimwangalia akamuuliza, "Sasa baba, hizo kelele ndizo utakula?" Kijana akajibu, "Mathe, hizi si kelele, ni hesabu."

Wote wawili wana pointi. Wacha nieleze.

Kutyuni ni kuiambia kompyuta ya injini imwage petroli kiasi gani na plagi iwashe saa ngapi. Petroli inaungua sawasawa ikiwa uzito wa hewa ni mara 14.7 ya uzito wa mafuta. Turbo ikianza kusukuma, unaongeza mafuta hadi karibu 11 au 12 kwa 1, ili moto usizidi ndani. Ukikosea hapo, au ukiwasha plagi mapema mno, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inapasuka, na gari inanoki. Hapo mwenye gari amebaki na chuma, na wewe umebaki na deni na jina baya.

Ndiyo maana sipendi hii tabia ya kununua faili la mtu wa ng'ambo na kulimwaga kwa kila gari. Subaru ya turbo iliyouzwa Japani ilipangiwa petroli yao ya juu, ile inayouzwa kama oktani 100. Petroli unayojaza hapa Thika Road iko chini ya hapo. Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Turbo hapa inazunguka kwa bidii zaidi kuleta presha ile ile. Faili la Osaka halijui hayo. Fundi wa hapa ndiye anapaswa kuyajua.

Sasa, njia ni gani? Kwanza, spana. Ukiletewa gari haina nguvu, mara nyingi shida si kompyuta. Ni paipu inayovuja hewa, injekta chafu, sensa imekufa, au kompresheni imeshuka kwa silinda moja. Mtu asiyejua kupima kompresheni hana ruhusa ya kugusa taimingi, hiyo ni imani yangu. Kwa hivyo chuo cha ufundi kilicho karibu na nyumbani, kozi ya makanika wa magari, si kupoteza muda. Kama karo haipo, kuna gereji, halafu unafanya mtihani wa NITA: unaanza gredi ya 3, unapanda 2, hadi 1. Na kwa wale wamefanya kazi miaka bila karatasi, siku hizi kuna RPL, yaani ujuzi ulionao unapimwa na kutambuliwa bila kurudi darasani upya.

Pili, umeme wa gari. Hapa ndipo vijana wengi wanaruka, na hapa ndipo pesa iko. Kusoma mchoro wa nyaya, kutumia mita, kuelewa kila sensa inaambia kompyuta nini. Hata usipowahi kutyuni gari moja ya mbio, huu ujuzi utakulisha, kwa sababu kila gari inayoshuka bandarini sasa ni kompyuta yenye magurudumu.

Tatu, ndiyo sasa unafungua laptopu. Kuna High Performance Academy ya New Zealand inayofundisha kwa intaneti, kuna programu ya bure kama RomRaider ya kusoma data za Subaru. Anza kwa kurekodi na kusoma tu. Soma namba za gari nzima, soma za gari mgonjwa, uone tofauti. Kubadilisha kuje baadaye, mbele ya mtu aliyekutangulia.

Nne, timu za mbio. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, lakini mashindano ya nyumbani hayajawahi kungoja wazungu. Timu ndogo huhitaji mikono ya kuosha, kubeba tairi, kufunga nati. Joginder Singh, aliyeshinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, alitoka kwa spana za gereji. Kujua gari kulimsaidia kuifikisha mwisho.

Lakini kuna jambo linaniuma. Mdogo wangu alikaa miezi minane kwa gereji moja bila hata nauli. Alifika saa moja asubuhi, akafagia, akafungua injini, na mteja akilipa, yeye aliambiwa, "Wewe bado unajifunza." Kujifunza, sawa. Lakini tumbo halijifunzi kukaa njaa. Gereji ikimtumia kijana kufanya kazi inayolipwa, imlipe chakula cha mchana na nauli, angalau. La sivyo ufundi huu utabaki wa watoto ambao kwao kuna pesa, na wale wenye mikono mizuri watapotelea kwa mjengo na bodaboda.

Sasa yuko gereji nyingine. Analipwa kidogo, anafanya breki, klachi na servisi, na anajiandaa kwa gredi ya 3. Hajatyuni gari hata moja. Jumamosi iliyopita aliletewa Impreza ambayo mafundi wawili walisema inataka kompyuta mpya. Alipata paipu ya hewa imepasuka chini, akabadilisha, ikaamka. Jioni alimtumia mama pesa ya unga. Mama hakuuliza tena habari ya kelele. Aliuliza tu, "Na mtihani ni lini?"

Kwa hivyo ukiniuliza uanzie wapi, jibu langu ni hilo: vaa ovaroli, uliza nauli bila aibu, na usiguse faili la mtu kabla hujapima kompresheni.