Nyonga Mpya, Mwendo wa Zamani

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga akisharuhusiwa kutoka hospitali, shughuli imekwisha. Kilichobaki ni kumpikia supu na kumwombea dua. Kwa yale tuliyoyashuhudia kwa mama yetu mzazi, ambaye Mwenyezi Mungu (SW) alimjaalia kufanyiwa upasuaji huo katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), shughuli ndiyo kwanza huanza siku hiyo. Maumivu yaliyomtesa kwa miaka saba yaliondoka ndani ya wiki chache. Kuchechemea hakukuondoka.

Daktari anachofanya ni kukiondoa kichwa cha mfupa wa paja kilichosagika, na mahali pake huingiza shina la chuma lenye kichwa cha duara, kinachozunguka ndani ya kikombe kilichokazwa kwenye fupanyonga. Msingi wa njia inayotumika leo uliwekwa na daktari wa Uingereza, John Charnley, mwaka 1962. Wala si jambo la wazee peke yao: vijana wenye selimundu nao huharibikiwa na kichwa cha mfupa huo kwa kukosa damu, na wamo wanaohitaji nyonga mpya kabla hata hawajaoa.

Lakini chuma hakitembei chenyewe. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisiangukie upande wa pili. Friedrich Trendelenburg, daktari wa Kijerumani, alilieleza hilo mwaka 1895, na hadi leo dalili hiyo inaitwa kwa jina lake. Mama yetu alikuwa ameukimbia mguu wake wa kulia kwa miaka saba. Misuli ililegea, na mwili ukazoea kuyumba ili kuuepuka uchungu. Uchungu ukaondoka, kuyumba kukabaki. Isitoshe, alilalamika kwamba wamemrefusha mguu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipima, akasema miguu ni sawasawa. Ni misuli iliyojikunja zamani ndiyo inayomdanganya, na hali hiyo huisha kwa wengi.

Tulimkalisha kwetu Kibaha miezi mitatu, kwa sababu ardhi ya hapa ni tambarare kuliko kwake Kisarawe. Masharti yalikuwa matatu: asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, asiugeuzie ndani mguu uliopasuliwa, akivunja sharti, kichwa cha chuma kinaweza kuteguka. Msomaji ayapime masharti hayo kwa nyumba zetu zilivyo. Choo cha kuchuchumaa hakifai, kwa hiyo fundi alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali. Mbuzi ya nazi ikawa haramu yake, kwani anayeikalia magoti humfika kifuani. Lililomuuma zaidi ni sinia. Sisi tulikaa mkekani na wajukuu wake, yeye akiwa peke yake juu ya kiti na sahani mapajani, hata siku moja akasema, "Mmenifanya mgeni katika nyumba ya mwanangu." Tangu hapo familia nzima ilihamia mezani, watoto wakisimama kwa zamu, maana viti havikutosha.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Kusimama ameshika fremu ya mlango na kuupeleka mguu pembeni, mara kumi, kisha kupumzika. Kutembea kwa kutanguliza kisigino. Fimbo ikamatwe mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, ili ipokee sehemu ya uzito wakati mguu wa kulia unaposimama. Majirani walimsahihisha kila siku aihamishie kulia, na kila siku tukawaeleza upya. Jambo tusilolijua kabla ni kwamba kuchechemea huonekana zaidi katika mguu mzima. Huo ndio unaorushwa haraka, hatua fupi, kwa sababu mwenyewe anaogopa kuuegemea mwingine.

Dawa ya hilo aliivumbua mama mwenyewe. Alianza kutembea kwa dhikri: Subhanallah akiukanyaga mguu wa kulia, Alhamdulillah akiukanyaga wa kushoto, kwa sauti na kwa utulivu. Sisi tukiwa chumbani tulimfuata kwa masikio. Neno la kwanza lilipokatwa katikati tulijua ameukimbia mguu. Ilipofika wiki ya nane, maneno hayo mawili yalikuwa yanatoka kwa ukamilifu wake mara nyingi zaidi kuliko kukatwa. Jioni, akichoka, hukatika tena.

Kikwazo kikubwa kilikuwa msikitini. Alikuwa mtu wa darsa na Ijumaa, sasa akakataa kutoka. Alisema hawezi kukaa kitini mbele ya wanawake wenzake kama bibi harusi. Kwa nafasi yetu ya ukatibu tulipeleka katika kamati ombi la viti vitano, viwili kati ya hivyo vikiwa vya upande wa wanawake. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akasema, "Katibu, msikiti si ukumbi wa harusi." Tulimjibu kwa adabu kwa hadithi ya Imran bin Huswain (RA), iliyo katika Sahih Bukhari, ambaye Mtume (SAW) alimwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Imamu akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kiti hakiondoi kisimamo. Mwenye uwezo wa kusimama katika swala ya faradhi husimama, hukaa pale tu aliposhindwa, na huinama kwa sujudi zaidi ya anavyoinama kwa rukuu. Viti vikapita kwa kura za wengi. Yule mzee hakubadili rai yake, ila alitoa shilingi elfu ishirini za kuvinunulia.

Mama aliswali Ijumaa yake ya kwanza akiwa wima katika safu, akakaa kitini wakati wa sujudi, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hatukumuuliza. Mwendo wa kwenda na kurudi ulikuwa mrefu kuliko uwanja wetu wote, na tangu wiki hiyo misuli ilianza kumtii.

Sasa yuko kwake Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, ambako njia ya nyumbani inapanda na kushuka. Akipanda hutanguliza mguu mzima, akishuka hutanguliza wa nyonga mpya pamoja na fimbo. Daktari bado hajamruhusu kusujudu chini, na tawaruku huenda asiirudie kabisa. Jumamosi iliyopita tulimsindikiza hadi kwa jirani yake. Mtoto wa hapo alikuwa na desturi ya kumuigiza anavyoyumba. Safari hii alimtazama kwa muda, akajaribu hatua mbili tatu, kisha akaacha. Fimbo ilikuwa mkono wa kushoto, na midomo ya mama ilikuwa ikitikisika.