Babu, baruti na roketi ya karatasi

PENROSE, Colorado. Ukitoka Denver kwa gari kuelekea kusini, Milima ya Rocky hukaa mkono wako wa kulia safari nzima. Ukishapita Colorado Springs, barabara namba 115 inakata katikati ya vilima vya mawe na miti, halafu inashuka kwenye nchi kavu yenye nyasi fupi na anga pana. Hapo ndipo ulipo mji mdogo wa Penrose, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Denver.

Mgeni anaweza kuupita bila kusimama. Kuna mashamba ya matufaha, nyumba zilizoachana mbalimbali, na vumbi. Hata hivyo, tangu mwaka 1961 mji huu ndio makao ya kampuni ya Estes, ambayo roketi zake za kuchezea zimepita mikononi mwa watoto wengi wa Marekani.

Jumamosi moja, familia ya Kitanzania inayoishi Denver ilifika huko ikiwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa, mama yake, na babu aliyekuja kuwatembelea kutoka Tanga. Kwenye buti la gari kulikuwa na roketi fupi, nene kama chupa ya chai, iliyopakwa rangi ya chungwa na kuchorwa macho mawili.

Mtoto aliiunda mwenyewe mezani kwa siku tatu. Kiwiliwili ni bomba la karatasi ngumu. Mapezi ni ya balsa, mti mwepesi unaokatika kwa kisu kidogo. Pua ni ya plastiki, na ndani yake mna parachuti iliyokunjwa. Kwa kuwa roketi nene na fupi hupenda kuyumba, aliongeza uzito kidogo puani. Kisha aliifunga kamba na kuizungusha juu ya kichwa chake. Ikitangulia pua, itaruka vizuri. Ikitangulia mkia, irudishwe mezani.

Yote hayo babu aliyafurahia, mpaka alipoiona injini. Ni kibomba cha karatasi kisichozidi urefu wa kidole. Aliinusa, akamtazama binti yake.

“Hii si baruti?”

“Ndiyo, Baba. Kidogo tu.”

“Mnampa mtoto baruti?”

Babu hakuwa akiuliza kwa ushamba. Alifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya mawe, upande wa kulipua. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, alimweleza binti yake kwa nini alikuwa akirudi nyumbani kimya siku fulani fulani. Utambi mmoja ulichelewa. Mwenzake akadhani umezimika, akarudi kuutazama.

Hofu yake ndiyo iliyozaa mchezo huu. Oktoba 1957, Wasovieti waliporusha Sputnik, vijana wengi wa Marekani walitaka kurusha roketi zao. Walijaza kemikali kwenye mabomba ya chuma, huko kwenye magereji na vyumba vya chini vya nyumba zao. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza maisha.

Jibu lilikuwa tayari limepatikana kwa muuza viatu wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska. Orville Carlisle alipenda fataki, na mwaka 1954 yeye na kaka yake Robert walitengeneza roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi, inayoshuka kwa parachuti na kurushwa tena. Alimpelekea sampuli G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha roketi cha White Sands, New Mexico. Stine aliona faida yake: mtoto aunde roketi, lakini asichanganye baruti kamwe. Injini ije imeshindiliwa kiwandani. Vern Estes wa Denver akabuni mashine ya kuzishindilia injini hizo, akaipa jina la Mabel. Baadaye akahamia Penrose, kwenye nafasi ya kutosha.

Mama alimsomea babu sheria zilizokuja pamoja na roketi. Isiwe na sehemu za chuma. Isirushwe penye upepo mkali wala majani makavu. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iachwe huko huko. Iwashwe kwa umeme wa betri, kila mtu akiwa mbali angalau mita tano. Na swichi haifanyi kazi bila ufunguo mdogo, ambao hukaa kwa mtu mzima.

Babu alisikiliza hadi mwisho. “Basi ufunguo nitashika mimi,” akasema.

Asubuhi hiyo karibu na Penrose upepo ulikuwa umetulia. Walipewa ruhusa na mwenye eneo, wakachagua sehemu ya udongo mtupu. Mtoto alisimamisha roketi kwenye fito ya chuma, akaunganisha nyaya, akarudi nyuma. Babu akachomeka ufunguo. Tano, nne, tatu, mbili, moja. Kidole kikabonyeza.

Kimya.

Mtoto akachomoka mbio kwenda kuitazama.

“Simama!” Sauti ya babu haikuwa ya mzee aliyekuja kutembea. Ilikuwa ya machimboni. Mtoto akaganda.

Babu alichomoa ufunguo, akautia mfukoni. Sheria inasema isubiriwe dakika nzima kabla ya mtu kusogea. “Hesabu mpaka sitini,” akamwambia mjukuu wake, “kwa Kiswahili.”

Mtoto alihesabu. Alipofika arobaini alikwama, mama yake akamsaidia, akaendelea. Babu alikuwa ameikazia macho roketi, midomo yake nayo ikihesabu.

Walipoikaribia, walikuta kiwashio kimechomoka kwenye injini. Walikirudisha, wakakikaza, wakarudi nyuma, wakahesabu upya. Safari hii ulisikika mlio kama wa sufuria ya mafuta iliyomwagiwa maji, na ile chupa ya rangi ya chungwa ikapotea juu, nyuma yake mstari wa moshi mweupe. Sekunde chache baadaye, chaji ndogo ndani ya injini ikasukuma pua, parachuti ikafunguka, na roketi ikaanza kushuka polepole juu ya uwanda.

“Babu, imeruka!”

“Nimeiona.” Alikuwa ameshachomoa ufunguo.

Babu angependa kumpelekea roketi mjukuu wake wa Tanga, lakini injini za baruti haziruhusiwi kwenye mizigo ya ndege. Ameamua kumtengenezea ya chupa ya plastiki ya soda, yenye maji theluthi moja na kizibo kinachokaza, inayosukumwa kwa pampu ya baiskeli. Haina moto, lakini nayo hutoka kwa kasi, kwa hiyo hakuna kuiinamia. Ikigoma kuruka, mtu mzima aache kupampu, watoto wakae mbali, wahesabu mpaka sitini.