Jeki Ni ya Kuinua, Si ya Kushikilia

Ndugu msomaji, iwapo babako, mumeo au kakako hujitengenezea gari uani siku za Jumapili, usiufunge ukurasa huu kabla ya kuumaliza.

Kwetu Migori, na kwa jirani zetu wa Homa Bay, gari halipumziki. Kuna Probox za abiria, trekta zivutazo miwa huko Awendo, na malori yabebayo samaki kutoka ziwani. Springi hukatika, breki huisha, na si kila mtu ana pesa za gereji. Basi gari huinuliwa kwa jeki chini ya mwembe, na mwenyewe hujitoma chini yake.

Nimewahi kuketi matangani karibu na Rongo, kwa dereva wa matatu aliyeangukiwa na gari lake akibadilisha springi. Mwanawe mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia tochi. Waombolezaji walipokezana maneno yale yale: ajali haina kinga. Nilinyamaza kwa heshima ya mjane. Lakini leo nasema, ajali ya namna hii ina kinga, nayo yaweza kuwa gogo la mti tu.

Hebu tuitazame jeki yenyewe. Jeki ya oili hubeba mzigo kwa oili iliyozuiwa na mpira mdogo. Mpira huo ukichakaa, oili hupenya na jeki hushuka, pengine polepole, pengine ghafla. Probox tupu ina uzito wa tani 1 hivi. Ni kifua cha nani kitakachouhimili?

Kisha kuna ardhi. Sehemu nyingi za nyanda za Homa Bay zina udongo mweusi ambao ukilowa hulainika, na jeki iliyosimama wima ikaanza kuinama. Tafuta mahali tambarare, kisha utandike ubao mpana na mnene chini ya jeki.

Usiitegemee breki ya mkono pekee. Katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu, hivyo ukiinua nyuma huna breki. Yazuie magurudumu yaliyobaki chini kwa kabari, mbele na nyuma. Likiwa ni trela la miwa, pakua kwanza.

Gari likisha kuinuka, lishushe juu ya stendi za chuma ziwezazo kuhimili uzito wake, zikae chini ya ekseli au chasisi. Huna stendi? Panga vipande vinene vya mbao ngumu, viwili viwili kwa kupishana. Matofali hayafai, kwani hupasuka bila kuonya. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa mkono. Likiyumba, panga upya. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chasisi, ili mambo yakiharibika ubakiwe na nafasi ya kupumua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Uani kwako hafiki mkaguzi. Mkaguzi ni wewe mke uliye jikoni, na wewe kijana unayeshika tochi. Si utovu wa adabu kuuliza, "Baba, gogo liko wapi?" Na kama halipo, usimpe spana.