Kwenye makoro ya Buhene

Wamama wapendwa, juma lililopita tulikwenda na wanafunzi wetu Buhene, kaskazini ya Goma, pale moto wa Nyiragongo ulipofika mwaka 2021. Makoro meusi yangali yamelala mahali nyumba za watu zilikuwa. Chukudu zinapita kando, zimebeba viazi.

Tulikwenda kwa ajili ya mtoto mmoja, na mama yake alitusindikiza. Kila lori likipita karibu na darasa, mtoto huyo huingia chini ya benchi. Sisi walimu tulimpigisha magoti, tukidhani anacheza.

Pale juu ya mawe alisema mwenyewe: usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano alikimbia ameshika kitenge cha mama, na siku zilizofuata ardhi ikazidi kutetemeka. Lori likipita, anasikia ardhi ile ile. Wenzake nao wakasema yao. Tukamwomba msamaha.

Wamama, mtoto akinyamaza sana, akistuka usiku au akikojoa kitandani, tusimpige. Tukae naye, tumuulize polepole. Mtuambie nasi shuleni. Hali ikiendelea, twende pamoja kwenye kituo cha afya. Woga si utundu.