Mnakimbizwa na Nani?

"Mnakimbizwa na nani?"

Swali hilo liliulizwa na ajuza mmoja mchuma chai, katika miteremko ya Manyatta, Embu, alipowaona watu watano wazima, wenye akili zao timamu, wakipita mbio kando ya shamba lake asubuhi ya Jumamosi. Kikapu kilikuwa mgongoni na mikono yake imesita juu ya majani. Mmoja wa wale watano, muuguzi, alimjibu kwa adabu pasipo kusimama: "Hatukimbizwi, cucu. Tunakimbia tu." Ajuza akatikisa kichwa, akaendelea kuchuma. Jibu halikumtosha, na kwa hakika lina walakini hata mbele ya mwanasarufi.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili, kukimbia si kwenda mbio tu. Ni kutoroka pia. Mtu humkimbia simba, huikimbia njaa, huwakimbia wadai wake. Ukikiongeza kitenzi kiambishi cha kutendea, unapata kukimbilia, na hapo lazima pawe na mahali pa kufikia. Kukimbiza kunataka mtesi au mwindaji. Aliyetimuliwa kwao ni mkimbizi, anayeshindania medali ni mkimbiaji, na pa kujisetiri ni kimbilio. Mnyambuliko wote huo unadai sababu: kuna kitu nyuma kinachotisha au kitu mbele kinachotamanika. Mtu anayekimbia asubuhi msituni, hana kitu nyuma wala mbele, lugha haijamtengea jina lake. Mbio za nyika? Labda, ila nyika ni mbuga kavu, na huku kwenye migomba na majani chai, ambako unyevu haukauki hadi saa nne, neno hilo linapwaya kama koti la kuazima. Ajuza yule, basi, aliuliza swali la kisarufi bila kujua.

Ajabu ni kwamba aliliuliza mahali ambapo wakimbiaji si wageni. Kilima kimoja tu kutoka shambani kwake ni upande wa Kigari, kwenye chuo cha walimu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kambi ya timu ya taifa ya mbio za nyika. Humo ndimo walimofinyangwa wanaume walioiletea Kenya ubingwa wa dunia wa timu kila mwaka, kuanzia 1986 hadi 2003, bila kuukosa hata mara moja. John Ngugi alitwaa taji la mtu binafsi mara tano. Paul Tergat naye akalitwaa mara tano mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999. Wiki chache kabla ya mashindano ya Machi, wanyeji wa Manyatta waliwaona wakipita kwa makundi kwenye barabara za udongo mwekundu, kimya, wakipumua kama mvukuto wa mhunzi. Watoto waliwafuata hadi pumzi zikawaishia. Kukimbia kwa namna hiyo kulieleweka na kila mtu. Kulikuwa kazi, kulikuwa shamba na nyumba ya mawe siku za usoni.

Miongoni mwa watoto waliowafuata alikuwa mmoja ambaye leo ni mwalimu wa shule ya msingi na mmoja wa wale watano. Mwaka 1997, akiwa kidato cha tatu, aliamini kwamba siku moja angelala katika mabweni ya Kigari, si kama mwanachuo bali kama mteule wa taifa. Alikimbia kwenda shule na kurudi. Alifika ngazi ya mkoa, enzi zile za mikoa, akamaliza wa kumi na tisa. Mwaka uliofuata akamaliza wa ishirini na tatu. Siku hiyo alivitundika viatu kwenye msumari, wala hakuvitundua kwa zaidi ya miaka ishirini. Waswahili husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Yeye aliisikia methali hiyo kama hukumu iliyoandikwa kwa jina lake, ingawa mwenye kuipima vizuri ataona kwamba haisemi lolote kuhusu raha anayoipata mtu akiwa bado sakafuni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika nchi inayozaa mabingwa, mtu wa kawaida hunyang'anywa mbio akiwa bado kijana. Akishagundua kwamba hatashinda, huambiwa aache, kana kwamba asiye mwimbaji wa taarabu haruhusiwi kuimba akiosha vyombo. Mwalimu huyu hakukatazwa na mtu. Alijikataza mwenyewe, na huo ni ukali zaidi.

Aliyemrudisha njiani ni jirani yake, mwendesha bodaboda, ambaye mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Wakaanza wawili. Akaongezeka fundi cherehani, kisha muuguzi, kisha kijana wa duka la pembejeo ambaye hujitokeza akitaka. Hawana jina la kundi wala sare. Mwanzoni muuguzi alijifunga leso juu ya suruali yake hadi wavuke soko, akaifungua na kuifunga kiunoni penye mashamba. Mwanamke mzima kuonekana anakimbia si jambo dogo. Wapo waliomfuata wakidhani pametokea msiba. Siku hizi leso huiacha nyumbani. Nani aliyebadilika, yeye au soko, ni vigumu kusema.

Njia zao ni zile ziitwazo njia za panya: vijia kati ya shamba na shamba, vinavyoteremka hadi bonde la mto Rupingazi na kupanda tena kuelekea ukingo wa msitu wa Mlima Kenya. Mvua za masika zikinyesha, udongo huwa kama sabuni. Julai ni ukungu, na mtu humfuata mwenzake kwa sauti ya kikohozi. Ila asubuhi za Januari na Februari mlima hujitokeza wote, kilele cha Batian chenye mita 5,199 kikimeta kama jino, na hapo hata fundi cherehani, ambaye hamalizi kilima bila kulalama, hunyamaza. Vijia vyenyewe vinapungua. Mashamba yamegawanywa mara tatu tangu enzi za babu, na kila mgawo huja na ua na lango. Kila mwezi kuna njia iliyokuwapo ambayo haipo tena. Hapo ndipo adabu inapohitajika: hupiti katika boma la mtu kwa mbio bila salamu, nao wamejifunza kupunguza mwendo, kubisha hodi na kuulizia hali ya ng'ombe. Mbio za saa moja huchukua saa mbili.

Mara moja walifunga safari hadi Meru. Walivuka mto Thuci, wakapita Chuka na Nkubu, wakashuka garini mahali ikweta inapoikata barabara, wakakimbia kutoka nusu moja ya dunia hadi nusu ya pili na kurudi, wakicheka kama watoto wa chekechea. Katika kaunti hiyo hiyo ndiko kuna mbio za Lewa, zilizoanzishwa mwaka 2000, ambapo watu hukimbia katika hifadhi yenye vifaru na tembo huku askari wa wanyamapori wakilinda. Wao hawakwenda huko. Walikwenda kwenye msitu wa Imenti, liliko ziwa dogo la Nkunga, na mlinzi wa msitu akawaonyesha kinyesi cha tembo kilichokuwa bado na mvuke. "Hapa," akawaambia, "mtakimbia mkipata sababu." Wakatembea.

Mwalimu, hata hivyo, aliendelea kuvaa saa. Kila Jumamosi aliibonyeza mwanzoni na kuibonyeza mwishoni, akaandika dakika katika daftari ambalo hakumwonyesha mtu. Wenzake walijua. Walijua pia kwamba kila alipowasubiri penye mlima, macho yake yalikuwa kwenye saa, na kwamba alisubiri kwa hesabu. Hawakumwambia neno. Urafiki una mambo yake ya kunyamaziwa.

Ikaja Jumamosi moja ya Novemba, siku ya manyunyu. Kwenye mteremko wa Rupingazi, muuguzi aliteleza na kifundo chake cha mguu kikateguka. Akiwa ndiye mganga wao, ilimbidi ajitibu mwenyewe, akiwaelekeza kwa ukali jinsi ya kukaza kitambaa. Bodaboda akambeba mgongoni akisema abiria huyu halipi. Mwalimu akampokea penye kilima, kisha fundi, kisha mwalimu tena. Walitumia zaidi ya saa mbili kupanda kijia ambacho huwachukua dakika ishirini. Juu wakakaribishwa katika boma la mzee mmoja, wakapewa nduma za kuchemsha na chai ya maziwa, wakakaa hadi mvua ikakatika, wakisimuliana habari ambazo hakuna aliyekuwa amezisema katika mbio za miaka mitatu. Huko ndiko mwalimu alikowaambia, kwa mara ya kwanza, kuhusu namba kumi na tisa na namba ishirini na tatu. Mzee mwenye boma aliuliza kama walioshindana walikuwa ishirini na tatu tu. Hawakuwa, walikuwa zaidi ya mia. "Basi," akasema mzee, akammiminia chai nyingine.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu akiwa darasani akisahihisha insha, kijana wa dawati la mbele alimwuliza saa ngapi. Akakunja mkono wa koti atazame. Saa ilikuwa bado inahesabu tangu Jumamosi: saa 50, dakika 11 na sekunde kadhaa, na sekunde zikaendelea kuongezeka mbele ya macho yake.