Maktaba Zisizoelewana

Pale Maili Moja, Kibaha, mwandishi wa kumbukumbu hizi anajulikana kama fundi kompyuta, na kila wiki hakosi wa kumletea simu iliyopasuka kioo. Hashiki simu. Kinachomlisha ni ramani za mafuriko, viwanja na barabara, zote zikipita kwenye Python na GDAL, maktaba ya programu ya kusoma na kubadili data za kijiografia ambayo Frank Warmerdam aliianzisha mwaka 1998.

Alianzia Dar es Salaam mwaka 2015, miongoni mwa wanafunzi waliozunguka mitaani na mradi wa Ramani Huria kuchora mifereji na nyumba za mabondeni. Huko ndiko alikojua kwamba Python haibebi kazi nzito yenyewe. Huikabidhi kwa msimbo wa C++ uliokwisha kukompailiwa, na katikati pana kiunganishi. Kiunganishi na maktaba vikipishana matoleo, ramani haitoki.

Kwa kawaida anaitwa kazini kwa shida kama hii: ofisi imehamia Ubuntu 22.04, inayokuja na GDAL 3.4.1. Mtu anaandika pip install gdal, anapata kiunganishi kipya kuliko maktaba iliyomo, na skrini inafurika makosa. Fundi hayasomi yote. Anaandika gdal-config --version, kisha anaagiza namba hiyohiyo: pip install GDAL==3.4.1. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, lazima itangulie, la sivyo utaambiwa baadaye kuwa _gdal_array haipo. Wapo wanaotumia conda, inayoleta vyote kwa pamoja. Yeye anaiona inakula bando mno.

Hitilafu inayopiga kelele ni nafuu. Iliyomtoa jasho ni ya mteja aliyetoka GDAL 2 kwenda 3: kila kitu kilikubali, onyo hakuna, ila visima vya Kibaha vikaangukia Hispania, jirani na mji wa Badajoz! Tangu toleo la 3.0, la Mei 2019, GDAL hufuata mpangilio rasmi wa mfumo wa majiranukta EPSG:4326, latitudo kwanza. Programu ya zamani ilikuwa ikitanguliza longitudo, hivyo 6.8 kusini na 38.9 mashariki zikageuka 38.9 kaskazini na 6.8 magharibi. Dawa ilikuwa mstari mmoja, SetAxisMappingStrategy, wa kurudisha mpangilio wa zamani.

Nawe ukibadili toleo, chukua kwanza nukta moja unayoijua, hata stendi ya mtaani kwako, uone inaangukia wapi kabla hujamkabidhi mteja ramani.